Unyayo wa Inthon na Kiuno cha Mama Yake

Marehemu mke wangu, Bualai, alipandikiza mpunga tangu utoto. Kuinama kule kukamletea maumivu ya kiuno yasiyopona. Hospitali walimpa vidonge, vifurushi vya mizizi ya kukandia, na mazoezi ya kujinyoosha. Kukanyagwa kiunoni kwa unyayo wa moto, tiba ya kwetu, hawakukataza.

"Vyote viende pamoja, mama," nesi alisema. "Ila mkanyagaji asiwe tembo."

Mkanyagaji alikuwa mwanetu wa pekee, Inthon. Alifundishwa na babu yake. Anachovya unyayo kwenye mafuta, anaugusisha chuma cha plau kilichopashwa moto, moshi unafuka, kisha anaushusha kiunoni mwa mama yake.

"Polepole, mjinga wewe! Mimi mama yako, si udongo wa matofali."

"Udongo una nyama, mama. Wewe mifupa mitupu."

Akishuka, Bualai anaamka na kwenda shamba. Mimi sikuweza kumkanyaga. Mguu wangu uliharibiwa na trekta, nikisimama juu ya mtu naanguka.

Inthon akaingia utawa kwa msimu wa mvua, kama vijana wote wa kwetu Nan, kaskazini mwa Thailand. Mama mtu alitaka, maana thawabu ya mwana mtawa humfikia mama. Mvua zikaisha, mtoto hakutoka. Na mtawa hamgusi mwanamke, hata aliyemzaa.

Vidonge vikabaki, nami nikamkanda kwa vifurushi. Havikutosha. Akawa anatembea kwa kushika ukuta.

"Mwambie avue joho," jirani yetu Saengda alimchachamalia. "Mwana gani anaacha mama atambae?"

"Nimtoe kwa Buddha kwa ajili ya kiuno?"

Nikaenda hekaluni mwenyewe. Inthon akasema, "Mama akinitaka, baba, navua leo. Lakini anitamkie yeye."

Asubuhi akapita na bakuli lake la sadaka. Bualai alikuwa amepiga magoti kando ya njia na wali wake. Inthon akasimama.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mheshimiwa."

Akapokea wali, akatubariki, akaenda zake.

"Kwa nini umemficha?" nikamuuliza.

"Nyamaza. Niinue."

Nilishindwa. Tukamwinua na Saengda.

Alikufa baridi ilipoanza, amelala ubavu, maana chali hakuweza tena. Inthon aliongoza sala. Watu wakanipa mkono: mzee, una bahati, mwana mtawa.

Kila asubuhi Inthon akipita, namtilia wali bakulini. Simsemeshi.