Si Ngoma Zilizowazuia Marubani Kukaa Masasi

Mhariri, naomba ufiche jina langu. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata kitubioni sijalisema. Ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Masasi. Kuongea mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Baba yangu alikuwa rubani. Watu binafsi waliporuhusiwa kuendesha mashirika ya ndege, aliajiriwa na kampuni moja ndogo iliyokuwa ikileta wanunuzi wa korosho. Mwaka juzi kampuni ikawa inatafuta mji wa kuweka kituo cha marubani: Masasi au Mtwara. Nilidhani wanaangalia abiria tu. Kumbe wanaangalia safari ya asubuhi inaanzia wapi, mafuta yanafikaje, maji yapo au ni ya kugombea ndoo kama Newala, na zaidi ya yote rubani atalala wapi, maana asiyelala vizuri haruhusiwi kurusha. Baba aliomba sana iwe Masasi. "Ndege ikilala hapa, na mimi nalala hapa," alimwambia mama.

Mimi sikutaka. Baba akiwa nyumbani alinilazimisha niongee Kiingereza mezani mbele ya wageni. Nikigugumia wanacheka, na yeye anacheka nao. Nilitaka awe anakuja mara mojamoja tu.

Siku meneja alipokuja, mzungu asiyejua Kiswahili, baba alikuwa uwanjani na ndege, mama kaenda bombani. Nikaitwa kutafsiri kwa jirani yetu, nimwite Mama Zuhura, mwenye nyumba waliyotaka kuwapangia marubani. Mzungu akauliza kama usiku pana kelele.

"Mwambie, mwanangu, ngoma za unyago ni wakati wa likizo ya mwezi wa sita tu, tena tunachezea kule Lisekese. Hapa mwenye kelele ni jogoo wangu. Akimsumbua, leo leo tunamla!" Akacheka, akasubiri mzungu naye acheke.

Nikamwambia mzungu kwa Kiingereza kwamba ngoma hupigwa nyuma ya nyumba hii, karibu kila wiki, mpaka kunakucha. Siku hiyo sikugugumia hata neno moja. Mzungu akaandika, wala hakucheka.

Kituo kikaenda Mtwara. Baba alipoambiwa sababu alikuja juu. Mama Zuhura akaapa, "Wallahi sikusema! Mwulizeni mtoto, si ndiye alikuwa katikati?"

Wakaniuliza. Nikasema, "Alisema hivyo."

Miezi minne baadaye baba alipata siku moja ya mapumziko, akadandia pikapu kutoka Mtwara kuja kutuona. Ilipinduka kabla ya Ndanda. Mtu wa angani akafia barabarani.

Msibani Mama Zuhura alileta sufuria ya wali. Mama akanituma niirudishe vilevile ilivyokuja. Nikamkuta barazani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akafunua, akautazama ule wali, akafunika. Kisha akaniuliza polepole, "Hivi siku ile mimi nilisema nini? Siku hizi nikilala naisikia hiyo ngoma nyuma ya nyumba. Labda kweli nilisema."

Nikaondoka mbio.

Tangu hapo na mimi naisikia. Nikiwa darasani naisikia. Ndege ya saa nne ikipita, mama huinua kichwa mpaka ipotee, halafu hugeuka kuitazama nyumba ya jirani. Wanawake wa mtaani hawampi tena Mama Zuhura mabinti zao awafunde unyagoni, wala hawamwiti. Sasa anahamia Makote kwa kaka yake. Magodoro ameshayafunga. Anaondoka Ijumaa.

Nikisema, mama atabaki na nani? Hana mtoto mwingine. Nisiposema, mwanamke yule anaondoka amebebeshwa kifo cha baba yangu, na ameshaamini kosa ni lake.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, hasa mliofiwa, na wenye mabinti kama mimi: mtu anaanzaje kumwambia mama yake neno kama hili? Nipeni hata sentensi ya kwanza tu, nyingine nitazitafuta mwenyewe.

Najua majibu yenu yatatoka Ijumaa imeshapita. Siku tatu nimekuwa nikiificha karatasi hii chini ya daftari la jiografia kila mtu akipita. Sasa hivi nasikia kandambili za mama, anakuja huku chumbani. Daftari nimelisogeza pembeni. Karatasi naiacha hapa mezani, wazi, imeelekea mlangoni.