Khairiya na Ndege wa Misonobari

Mara ya kwanza kumwona Khairiya ilikuwa Idi Kubwa ya mwaka 1999, kwenye msitu ulio kaskazini ya Houston. Watu walikuwa wakichoma mishkaki. Yeye alisimama mbali na moshi, shingo nyuma, akitazama juu ya miti. Nilimpelekea soda. Mimi si msemaji, nikasema tu kwa lafudhi yangu ya Kipemba, "Mivinje mirefu hii."

"Mivinje! Wapemba bwana!" Akacheka. "Hii misonobari, kaka. Kwenu hamna."

Baadaye nilikuwa nawapeleka msituni kwa gari siku za Jumapili, yeye na bintiye Yumna. Njiani alinisimulia. Alikuwa wa Mombasa. Mumewe alipofariki alimwacha Yumna kwa kaka yake, Shuaib, akaenda kisiwa cha Kupro kumtunza bibi kizee mlimani. Huko juu misonobari imepindwa na upepo, na humo wanakaa ndege ambao ncha za mdomo zimepishana kama mkasi mbovu. Kwa mdomo huo hupasua tunda gumu la msonobari na kutoa mbegu. Hutaga mayai theluji ikiwa haijaisha. Mbegu huwatia kiu, basi kila alasiri walishuka kunywa kwenye bomba la bibi lililovuja.

"Miaka yote ile sikuwa na wa kusema naye Kiswahili," alisema. "Nikasema nao."

Huku Teksasi, alikohamia na Yumna baada ya Kupro, hakuwahi kumwona hata mmoja. Alijua pana joto mno kwao, na bado alitazama.

Nikamtuma mzee wa msikitini kupeleka posa. Khairiya alikubali siku ile ile. Lakini kwetu hata mjane huozwa na walii wake, mwanamume wa ukoo wake, na walii alikuwa Shuaib. Tukangoja jibu lake. Yumna akaanza kuniita Baba Shaame, mama yake akimfinya huku anacheka.

Shuaib akapiga simu kutoka Mombasa: amekwisha kumwahidi binamu yao kuwa atamwoza Khairiya. Binamu huyo alikuwa na duka kule Mesquite, mji mwingine wa huku Teksasi.

"Ndiye aliyenilelea mwanangu nilipokuwa mlimani," Khairiya aliniambia. "Nimkatalie kwa uso gani?"



Siku binamu alipokuja kuwachukua kwao Sharpstown, mtaa wa Houston, niliwabebea masanduku, kwani hapakuwa na mwanamume mwingine wa kuyabeba. Yumna aliingia garini bila kuniangalia. Khairiya alibaki kidogo mlangoni, akirekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro.

"Usije harusini, Shaame," alisema. "Nikikuona nitalia, na watu watajua silii kwa furaha."