Ini la Ng'ombe na Chumvi ya Shangazi

Jamani wenzangu niliomaliza nao skuli, leo sikujua nitazame wapi!

Ng'ombe wetu mmoja alivunjika mguu jana, akachinjwa.

Bwana Mifugo alikuwa ametuomba tumwekee kipande cha ini akichinjwa ng'ombe yeyote. Maabara watapima madini yaliyomo, wajue kwa nini ng'ombe wa huku Kisarawe wanatafuna mifupa na miguu yao ni dhaifu.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Aliahidi kwamba nikiifanya vizuri, atamwomba Baba aniruhusu nikajifunze kazi ofisini kwake.

Nikalitia ini kwenye chupa safi, nikaifunika.

Leo asubuhi akaja, akaifungua.

"Nani ametia chumvi humu? Tunapima madini, na chumvi nayo ni madini! Halifai tena."

Shangazi, dada yake Baba aliyenilea, akaninong'oneza, "Nilikusaidia, mwanangu. Lingeoza njiani."

Baba ananitazama. Bwana Mifugo ananitazama. Shangazi anatazama kucha zake.

Ninyi mngemtaja? Mtu mzima, mbele ya mgeni?

Nikasema, "Ni mimi, bwana."

Akatikisa kichwa, akapanda baiskeli yake. Habari za ofisi hakuzigusa.

Nikamgeukia Shangazi, nikidhani atasema ukweli sasa mgeni ameondoka.

Akamwambia Baba, tena kwa sauti, "Nilikwambia, kaka. Huyu bado mtoto. Mwache akae nyumbani, nimfunze mimi."

Baba ameitikia, na mimi nimesimama hapo hapo.

Niambieni, wenzangu, sasa nasemaje?