Tangi Lililooshwa Kisimani

Saa moja asubuhi, fundi wa kusubu sufuria kwa alumini iliyoyeyushwa anagonga pistoni ya gari kwa nyundo ndogo huku ameinamisha sikio. Ikilia vizuri, anaisogeza karibu na kalibu, tanuri lake la kuyeyushia. Ikilia kama debe bovu, anaitupa kando. Mlangoni pana ndoo tatu za maji. Ameyafuata mwendo wa dakika arobaini, ingawa kisima kipo hatua ishirini kutoka uani kwake.

"Fundi siku hizi anachagua maji kama bwana harusi," anasema jirani yake, mama fundi cherehani, akivuta kamba ya ndoo kisimani. Wenzake wanaangua kicheko. Kaya thelathini na nane huchota hapo.

Fundi hacheki.

Nyuma ya vilima kuna kituo cha kurushia setilaiti. Kila roketi ikipaa, matangi yake ya mafuta yaliyokwisha kazi hukatika na kuangukia mashambani. Kwa fundi, alumini ile ilikuwa riziki: safi, nyepesi, haina ubishi kalibuni. Sufuria zake alizinadi mwenyewe: "Sufuria za mbinguni hizi, hata mama mkwe wako hatakosoa."

Miezi mitano iliyopita lilianguka tangi refu kuliko kitanda. Roketi ile, kwa tangazo la kituo, ilibeba setilaiti ya kuchunguza vyanzo vya maji. Fundi na shemeji yake, mdogo wa mkewe, walilisukuma kwa mkokoteni hadi nyumbani. Ndani yalibaki mafuta yenye shombo kama la samaki aliyelala.

"Ufundi wetu una sheria," anaeleza fundi. "Chuma kichafu hakiingii kalibuni. Ukikiyeyusha na uchafu wake, sufuria inatoka na vitundu, inavuja. Marehemu baba alinichapa kwa hilo. Basi nikasema lioshwe. Na utaoshea wapi kama si penye maji?"

Aliyeliosha ni mkewe, kwa mchanga na mikono mitupu, pembeni mwa kisima. Jioni alitapika. Wiki ya tatu macho yakawa manjano. Daktari alisema ini limeliwa na sumu ya mafuta ya roketi. Mwanamke aliyesugua sufuria kumi na tano kwa siku sasa hushika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai inamwagika.

Kituo kimekubali kuwatibu walioathirika. Lakini fomu yake, swali la saba, inauliza: je, mgonjwa au mtu wa nyumbani kwake aligusa kipande? Anayejibu ndiyo hatibiwi, kwa kuwa mabango ya kukataza yalibandikwa. Wataalamu nao watapima maji na udongo pale tu tangi lilipoangukia, shambani, kilomita mbili kutoka kisimani.

Fundi akisema kweli, huenda kisima nacho kikapimwa, ila mkewe atakosa dawa. Akinyamaza, dawa ipo, na ndoo za watu zitaendelea kushuka.

Alijaribu kukwepa. Alitangaza kwamba panya ameozea kisimani. Majirani walimsaka panya siku nzima, wakamkosa, wakachemsha maji wakanywa. Daktari anasema sumu ile haiishi kwa kuchemshwa.

Fomu inatakiwa Ijumaa, kwenye mkutano wa kituo na wanakijiji. Jana jioni, shemeji alikuja kuisimamia.

"Shemeji, andika hapana. Nani alituona? Ukweli wako utamzika dada yangu."

"Na watoto wa watu?"

"Nani kaugua?"

"Mtoto wa fundi cherehani anatapika tangu Jumatatu."

"Watoto hutapika. Hata wewe ulitapika siku ulipojipikia."

Mkewe aliita kutoka chumbani. "Baba Mapacha, mapacha wako walipokataa kutoka, nani alinishika mkono? Si hawa hawa wa kisimani? Jaza ndiyo."

"Dada, unajua unalosema?"

"Lililooza ni ini, si akili."

Fundi alijaza ndiyo. Usiku mzima hakulala, na asubuhi hii amegonga pistoni moja ile ile mara nne. Sasa anaweka nyundo chini, anazipiga hatua ishirini, na kuwaeleza wanawake kila kitu: tangi, mchanga, shombo, maji machafu yaliyorudi ardhini.

Hakuna anayecheka. Mama fundi cherehani anamwaga ndoo yake polepole, mbali na miguu.

"Miezi mitano, fundi," anasema. "Ukaniacha nimwogeshe mwanangu maji haya."

 Fundi anawaomba tu wagawane zile ndoo zake tatu, kisha anarudi kalibuni.

Ijumaa atakwenda kwenye mkutano wa kituo na chupa mbili za maji ya kisima, aziweke mezani mbele ya wataalamu. Hana anayemjua pale, wala hatarajii kurudi na dawa.

"Wakipima wakakuta maji ni safi, nitakuwa mjinga niliyemnyima mke wangu matibabu bure," anasema, macho yakiwa kwenye makaa. "Naomba Mungu niwe mjinga huyo."