Wimbo wa wapagazi niliouimba Lunyo tukizika mgomba

Wakuu, ashukuriwe Mungu aliyenifikisha umri huu na kuniachia sauti kidogo. Haya nayaandika kama nilivyoyaishi, sitaongeza chumvi.

Miaka ya utawala wa jeshi nilikuwa kijana wa gitaa Tororo. Bendi yetu ilipiga rock ya Kizungu.

Juma, mpiga ngoma wetu, mtoto wa wenye malori, alikuwa akinicheka: "We Wandera, Kiingereza chako kinalia kama mbuzi anayevutwa mnadani!"

Kweli. Nilikuwa naimba majonzi ya watu nisiowajua.

Bibi yangu wa kijiji cha Lunyo ndiye aliyenifungua. Alinisimulia habari za wapagazi wa vita ya Mjerumani, waliobebeshwa mizigo wasirudi. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, jamaa walikata shina la mgomba, wakalifunga shuka, wakalizika na kulililia kama mtu.

Nikatunga wimbo wa hayo, kwa Kiswahili na Kisamia, lugha yetu ya nyumbani. Gitaa lile lile la rock, maneno ya bibi.

(Maovu ya jeshi siku zile hayakutajika. Ya zamani hakuna aliyeyakataza.)

Jirani wa bibi, Mama Nabwire, mumewe alichukuliwa na gari la jeshi pale Busia. Mwaka ukapita bila habari zake. Kumfanyia matanga ilikuwa sawa na kusema wamemuua, na nani angethubutu?

Siku aliponisikia nikiimba uani kwa bibi, akaja.

"Mwanangu, walizika mgomba kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi njoo kwangu na gitaa. Nimechoka kumeza machozi."

Tulikuwa tumezunguka shimo nyumbani kwake, mgomba umefungwa shuka, Juma niliyekuja naye akipiga ngoma polepole, mwanajeshi akatokea na bunduki.

"Nani nakufa hapa?" akauliza kwa Kiswahili cha kambini.

Nikikosea neno, tumekwisha wote.

"Nawaimba wapagazi wa vita ya Mjerumani, afande."

Akautazama mgomba ndani ya shuka. Akamtazama mama.

"Babu yangu nakwenda hiyo vita," akasema. "Kwetu pia nazika hivi. Imba. Lakini maliza upesi, mkubwa wangu nakuja."

Niliimba kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama Nabwire alilia kwa nguvu, wakuu, na hakuna aliyemnyamazisha.

Nilichojifunza: Mungu hunipa sauti ninapowaimbia watu wangu. Tangu siku ile sijaazima majonzi ya mtu.

Kama kwenu kuna aliyezikwa hivyo, andika jina lake hapa tumwombee.

Nawe uliyesoma, Mungu akurudishie wako wote salama, na siku ya kulia akupe wa kulia nawe. Amina.