Manjano Ambayo Hakujipaka

Jumatatu nilikaa kwenye benchi la zahanati moja Malindi, nikisubiri dawa ya kifua. Kando yangu alikuwa mama wa makamo na shoga yake. Mama yule alijikuna mikono bila kupumzika, na uso wake ulikuwa wa manjano.

"Mashallah, bibi harusi!" shoga yake alimtania. "Aliyeolewa ni bintiyo, singo umejipaka wewe."

"Niache nami nipendeze," alijibu akicheka, kiganja amekikandamiza chini ya mbavu za kulia.

Nami nilicheka. Huku pwani hakuna harusi bila bibi harusi kusuguliwa singo ya manjano na liwa.

Tabibu alipomwita, mlango ulibaki wazi. Alimshusha ukope kwa kidole gumba, akalichungulia jicho.

"Mama, umejipaka nini?"

"Wallahi sijajipaka kitu, mwanangu. Nilidhani ni singo ya mtoto imenishika."

"Singo haiingii machoni."

Shoga yake alimfuta shavu kwa pindo la leso, akalitazama lile pindo. Lilikuwa safi.

"Nahofia uvimbe kwenye mfuko wa nyongo," tabibu alisema. "Nenda Mombasa kesho, usingoje keshokutwa."

"Nitapona?"

"Ungekuja maumivu yalipoanza, ningekujibu kwa urahisi zaidi."

Nilifika nyumbani kwetu, mtaa wa Barani, nikamwamkia mama yangu shikamoo, na kabla hajaitikia nikamshusha ukope.

"We mtoto! Adabu hii ndiyo uliyoisomea chuo kikuu?"

Macho yake ni meupe. Yangu nimeshayatazama kwenye kioo mara nne, na bado siyaamini.