Mbuzi Niliyemnunua kwa Sababu ya Mgongo Wangu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikaanza na magunia mawili ya mahindi pale Mkata, leo nina ghala na lori, na matapeli wa kila aina nimewawahi kabla hawajaniwahi. Utaratibu wangu vibarua wote wanaujua: gunia la kwanza la kila lori nalibeba mwenyewe, tena lumbesa, lile lililojazwa mpaka likaota kichwa cha pili.

Mwaka juzi mguu wa kulia ukaanza kunisaliti. Ndala inachomoka njiani, nami sina habari mpaka mtu aniite. Hospitali moja kule Korogwe wakanipeleka kwa binti wa mazoezi ya viungo. Akaniamkia vizuri, nikaitikia nusu. Mezani alikuwa na uti wa mgongo wa plastiki, na watu wenye vifaa mezani mimi nawajua tangu stendi ya Segera, wale wa dawa moja kwa magonjwa yote.

Akanihesabia pingili: saba za shingo, kumi na mbili zinazoshika mbavu, tano za kiunoni, kisha zile zilizoungana chini mpaka kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna kijimto cha gegedu chenye ute mzito ndani. Kimoja changu kimetokeza nyuma, kimebana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Nisinyanyue gunia wiki nane, nifanye mazoezi ya kulala mkekani. Nikipuuza, mguu unaweza kubaki hivyohivyo.

Dawa? Hakuna. Hapo ndipo aliponitia shaka. Mtu anakutibu bila kukuuzia dawa, anataka nini? Nikawaza labda ametumwa na yule mwenye ghala la jirani, ili vibarua wanione nimekwisha.

Nikaenda kwa mchinjaji, nikamwambia nataka uti wa mgongo wa mbuzi, mzima. Akasema mbuzi hupasuliwa kwa shoka katikati ya uti. Nikiutaka usioguswa, ninunue mbuzi. Nikanunua. Nyama akachukua mke wangu, mimi nikakaa uani na kisu, nakwangua. Za shingo, saba. Sawa. Za mbavu nikahesabu mara tatu: kumi na tatu. Nimemkamata.

Kesho yake nikapanda basi na kiroba changu, nikamwaga mifupa mezani kwake.

"Ulisema kumi na mbili. Hesabu."

Akahesabu kweli, bila haraka. "Kumi na tatu, baba. Lakini huyu ni mbuzi. Wewe una kumi na mbili."

Akachagua pingili mbili ambazo bado zilikuwa zimeshikana, akanipa mkononi, akaniambia nibane kwa mbele. Nikabana. Kijimto kikavimba nyuma, kwenye tundu unamopita uzi mweupe wa fahamu.

"Ndivyo unavyoinama na lumbesa," akasema.

Mbuzi nimenunua mwenyewe, kisu changu, mkono wangu. Hapo hakuna aliyenichezea.

Gunia la kwanza sasa analibeba kibarua, mimi nimesimama pembeni, na jirani anaona. Wiki ya sita ndala ikatulia mguuni. Yule binti simwamini kabisa mpaka leo, maana hajawahi kuniuzia kitu. Mbuzi, nauli, ada ya hospitali na mkeka: shilingi laki mbili, elfu kumi na nne na mia tano.